Mirunda Iliyotolewa Siku ya Tisa

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Ujenzi wa Mkoa, Bwana Mounir meneja wetu, wazee wa kiwanda cha chuma, Mama Zoulikha mkewe Ami Boudjemaa na wanao, wenzangu wa maabara:

Mimi ni Lamine, karani wa maabara ya zege. Nimepewa karatasi ya kusoma kumuaga Ami Boudjemaa, fundi wetu. Inasema anastaafu kwa sababu ya afya. Mniwie radhi, siwezi kuisoma.

Afya gani? Mzee huyu ndiye aliyechukua mavi ya chuma, yale masalio ya tanuri la kiwanda yaliyorundikwa miaka thelathini nyuma ya makaburi yetu, akayasaga yakawa laini kama unga. Katika kila mifuko kumi ya saruji akatoa minne, akaweka unga ule. Vijana wakamcheka, "Ami, leo unatupikia kuskusi ya mavi?" Akawajibu, "Subirini, enyi walafi, hii haiivi haraka."

Na kweli haiivi haraka. Siku ya saba zege hili bado changa, na baridi ya Januari hulichelewesha zaidi. Lakini likiachwa likomae, hulipita lile la saruji tupu. Ndiyo maana, walipomwaga zege la dari la zahanati, alibandika tangazo mlangoni kwa wino mwekundu: mirunda, yale magogo yanayolishikilia dari, isiguswe kabla ya siku ya ishirini na nane.

Siku ya tisa wageni walikuwa wanakuja kutoka Algiers. Nilikuwepo, daftari mkononi.

"Mwanangu Mounir, bado bichi hilo!"

"Ami, wageni wapigwe picha katikati ya magogo?"

"Bora magogo kuliko majeruhi."

"Hapa meneja ni nani? Toeni!"

Kabla ya adhuhuri dari lilikuwa limebonyea na kupasuka katikati. Alhamdulillahi, chini hapakuwa na mtu. Je, nani aliulizwa? Aliyeamuru, au aliyekataza? Ukiutoa mkate tanurini ukiwa mbichi, utaupiga unga viboko?

Wakubwa zangu, ipo taarifa inayosema mirunda ilitolewa siku ya ishirini na nane, na kwamba zege la Ami Boudjemaa ni dhaifu. Kwa taarifa hiyo anaondolewa leo, tukimpa saa ya ukutani na sahani ya vitamutamu vya makrudi. Kwa taarifa hiyo masalio ya tanuri yatapigwa marufuku mkoa mzima, na lile rundo litaendelea kuwatimulia vumbi marehemu wetu. Taarifa hiyo ilikosa kitu kimoja tu: sahihi ya karani, kuthibitisha tarehe.

Bwana Mounir, usinikonyeze nikae, namalizia. Najua nina miezi mitano tu kazini. Najua mama yangu ananitegemea. Wiki tatu nimenyamaza kwa sababu hizo hizo, na kila asubuhi Ami alinisalimia kana kwamba sikumkosea.

Mheshimiwa Mkurugenzi, leo saa mbili asubuhi nimepeleka ofisini kwako ukurasa wa daftari wenye tarehe ya kweli: siku ya tisa. Nimeusaini. Mpokeaji wako ameugongea muhuri. Nakuomba uusome kabla hujasaini marufuku hiyo.

Ami Boudjemaa, nisamehe kwa kuchelewa.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu. Kiti nilichopangiwa kiko ubavuni mwa Bwana Mounir; aliye karibu na Ami, tafadhali, nisogezee nafasi.