Mishale Aliyoichora Mama Albertine

Baba padri, shehe wetu uliyevuka mto asubuhi hii kutoka Alunguli, wazee wa familia ya Onema na ya Kitenge, majirani wa Mikelenge, walimu, wanafunzi wa zamani, na ninyi nyote mliokaa nasi kwenye kilio hiki, mimi ni Elodie Kitenge, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma nisome maisha yake kabla hatujamwinua kumpeleka makaburini. Karatasi niliyoishika si ile waliyoiandaa wajomba juzi, kwa sababu ile ilitoka mwaka wa elfu mbili na moja ikaingia elfu mbili na tatu kana kwamba mwaka wa katikati haukuwepo, na mama yetu, akiwa kitandani, alituambia sisi watoto wake watatu, "Siku mutanisomea, musiruke kitu. Jina la ule muntu musitaje, lakini mwaka musiruke."

Kwa hiyo sitaruka.

Mama yetu Albertine Onema alizaliwa Kibombo, tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa nne wa Mzee Onema, mfanyabiashara wa mchele, Mwislamu, na wa Mama Geneviève, mkulima, Mkristo, na katika nyumba ile watoto walifundishwa sala za pande zote mbili, wakaachwa wachague wakikua. Alisoma shule ya msingi palepale Kibombo toka 1968 hadi 1974, akaja Kindu kwa shangazi yake kusoma sekondari, akapata diploma mwaka 1980, na kwa kuwa shuleni alikuwa msichana pekee aliyekuwa akibaki darasani kuuliza maswali ya kemia, au shimi kama tunavyoiita hapa, babu alikubali kumpeleka Kisangani, alikosoma chuo cha ualimu na kurudi na lisansi, shahada yake ya kemia, mwezi wa saba, mwaka 1986.

Tarehe 8 Septemba 1986 alianza kufundisha katika lise moja, shule ya sekondari ya hapa mjini, na huko ndiko alikoshika kazi iliyomjulisha kwenu wengi, yaani kuandaa kurasa za kemia zenye fomula na milinganyo ya reaksyon. Wanafunzi hawakuwa na vitabu, walinakili ubaoni, na walikuwa wakinakili vibaya, namba iliyopaswa kukaa chini ya herufi wakiikalisha mbele yake, mshale wakiufanya kistari, hata mtoto akafika kwenye mtihani wa Serikali akiwa ameshika kitu kisichokuwepo duniani. Mama akaamua kuwapigia kurasa kwa taipureta, juu ya karatasi yenye nta iitwayo stensili, ambayo herufi zinaitoboa ili wino upite, na kila alipofika kwenye namba ndogo alikuwa anazungusha roli ya mashine kidogo, anapiga namba, anairudisha roli mahali pake, na mishale anaichora kwa kalamu ya chuma na rula, taratibu, kwa sababu kalamu ikizama stensili inapasuka na ukurasa mzima unaanzwa upya. Mwenzake mmoja alipomwambia kwamba anajitesa bure, kwamba watoto wataelewa tu, alimjibu, "CO kwa herufi mbili kubwa ni moshi unaoua. Co kwa o ndogo ni kobalti, muntu anaibeba kwenye mfuko. Sasa wewe unataka mutoto achague mwenyewe?"

Mashine ya kuchapia stensili ilikuwa mikononi mwa Florentin Kitenge, mtunza stoo wa lise, kijana mrefu, mpole, mwenye wino kwenye kucha siku zote, ambaye alipoona mama anahangaika kuchora ile pete ya benzini yenye pande sita, alichukua filamu kuukuu ya radiografia, picha ya eksirei, akakata ndani yake umbo la pande sita zilizo sawa, akamwekea mezani. Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1989 hapa Kindu, na Mungu akawapa watoto watatu, mimi Elodie, 1990, Espoir, 1993, na Princesse, 1998, aliyezaliwa mwezi mmoja kabla vita haijaingia mjini.

Sasa ninafika kwenye ule mwaka. Mjomba Abdoul, nakuona unaniinulia mkono, nakuheshimu, lakini niache nimalize.

Mwaka 2002 mji wetu ulikuwa umezingirwa, chakula kilikuwa kinakuja kwa ndege, aliyetoka kwenda shambani hakujua kama atarudi, na wanajeshi waliokuwa wanashika mto walimshuku kila aliyevuka, hata mama mwenye kitunga cha sombe, majani ya muhogo. Wanafunzi wa mwaka wa sita waliokaa Alunguli hawakuweza tena kuvuka kuja masomoni, na mtihani wa Serikali ulikuwa unakaribia, ndipo mkuu wa lise, prefe, akamwita mama ofisini, mbele ya Mama Mamy, sekretere wake, akamwambia, "Mama Albertine, watoto wa ng'ambo watapotea. Andika reaksyon zote, Florentin azichape, awavushie. Mimi njo ninasema, hakuna shida." Mama aliandika, baba akachapa, na Jumatano tarehe 22 Mei asubuhi baba akateremka mtoni na mzigo wa kurasa ndani ya mfuko wa plastiki, akapanda pirogi, mtumbwi wa Mzee Soudi, ambaye yuko hapa leo, amekaa karibu na mlango, na maneno nitakayoyasoma ni yale aliyotupa kwa kinywa chake.

Wanajeshi waliizuia pirogi kabla haijaachia ukingo, wakafungua mfuko, wakaona herufi, namba, na mishale, ukurasa kwa ukurasa, na mmoja wao akauliza, "Hii mishale inaenda wapi?"

Baba akasema, "Chef, haiendi mahali. Inaonyesha kitu kinageuka kuwa kitu ingine."

"Na hii miwili, moja inaenda, ingine inarudi?"

"Njo vile, chef. Kuna vitu vinageuka, halafu vinarudi vile vilikuwa. Ni masomo ya watoto. Prefe njo ametuma, mumuulize."

Mzee Soudi anasema kwamba walicheka kwanza, kisha wakaacha kucheka, wakamfunga baba mikono, na kweli wakaenda kumuuliza prefe. Huyo prefe hakuwa mtu wa barua na mihuri tu, alikuwa na lisansi ya kemia kama mama yetu, kurasa zilezile aliwahi kuzifundisha mwenyewe kabla ya kupewa ofisi, angeweza kumsomea yule mwanajeshi mstari wa kwanza akiwa amefumba macho. Mama Mamy alikuwa amesimama dirishani prefe alipowekewa karatasi mezani na kuulizwa kama anazijua, na alimsikia akijibu, "Hizi karatasi sizijui. Mimi sikutuma muntu."

Ni maneno machache, nimeyasoma polepole ili kila mtu ayasikie.

Kesho yake mama alikwenda mwenyewe kwa kamanda, akiwa na kitabu chake cha chuo chini ya mkono, akakaa juu ya simenti, akamweleza mstari kwa mstari, hii ni hewa tunayoitoa, haya ni maji, hili ni jua, hii ni sukari ndani ya jani la muhogo, mshale unasema jani limeifanya kazi hiyo, na kamanda akamsikiliza hadi mwisho, akamrudishia kitabu chake, akasema, "Mama, nimeelewa. Mimi pia nilifika sekondari. Lakini mukubwa wenu alisema hazijui, na bwana yako aliondoka jana pamoja na wengine."

Mama akamuuliza, "Aliondoka kwenda wapi?"

Kamanda alisimama akatoka nje, akamwacha peke yake mle chumbani. Baba yetu Florentin Kitenge hakuonekana tena, hatukupewa mwili, hatukuonyeshwa kaburi, na mpaka leo familia yake haijui iketi wapi kumlilia.

Najua baadhi yenu mnasema moyoni kwamba ilikuwa vita, kila mtu aliogopa, na mimi nawajibu kwamba ni kweli, mama pia aliogopa, na bado alikwenda kwa kamanda. Hofu ya siku ile tungeisamehe, mama alisema hivyo mara nyingi, kama yule mtu angekuja baadaye, vita ilipokwisha, wanajeshi walipoondoka mlangoni pake, akakaa kwenye kiti chetu na kusema, nilitishwa, nilidanganya, karatasi zilikuwa zangu. Hakuja. Mwaka 2003 alipanda cheo, akapanda tena, akafungua semina, akakata tepe, na kwenye sherehe moja ya walimu alisimama akataja majina ya waliokufa wakati wa vita, jina la baba yetu hakulitaja, na mama alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Mama aliacha lise mwaka huohuo wa 2003, akapanga chumba hapa Mikelenge, akanunua kompyuta kuukuu na jenereta ndogo, akawa anaandika kazi za mwisho wa masomo za wanafunzi wa vyuo, hasa za kemia, ualimu wa sayansi na uuguzi. Aliowaandikia wanakumbuka ukali wake, maana alikuwa anamrudisha mwanafunzi nyumbani ikiwa reaksyon haijalingana pande mbili, akimwambia, "Siandiki uongo kwa herufi nzuri." Mwaka 2013 alijifunza programu ambayo mwandishi anaipa amri kwa maneno, nayo yenyewe inashusha namba, inapandisha chaji, inavuta mishale na kuandika juu yake joto linalotakiwa, na akiwa na umri wa miaka hamsini na moja alifurahi kama msichana, akatuita wote tuone, akasema kwamba Florentin angeipenda hii.

Mwaka 2017, tarehe 9 Oktoba, yule aliyekuwa prefe aliingia kwenye chumba kile akiwa na klé, kile kidude cha kuhifadhia kazi za kompyuta, mkononi, kwa sababu alikuwa anatafuta doktora na tasnifu yake ilikuwa imejaa fomula, na mjini hapa hapakuwa na mwingine ambaye yeye angemwamini kuziandika. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nakata karatasi. Alisema, "Mama Albertine, tumetoka mbali. Tulikuwa wote katika vita."

Mama hakuinua macho kutoka kwenye skrini. Akasema, "Hapana. Florentin alikuwa katika vita. Wewe ulikuwa katika ofisi."

"Yale yalipita, mama. Tuangalie mbele."

"Uliletewa karatasi moja usome, ukasema huijui. Sasa umeniletea karatasi mia tatu. Nitajuaje kama unazijua?"

Alirudisha klé yake mfukoni akatoka, na baada ya wiki chache wanafunzi wakaanza kutuambia kwamba wameshauriwa kupeleka kazi zao kwingine, kwamba kwa Mama Albertine ni mahali pa watu wenye kinyongo, na wengine wenu mliokaa chini ya turubai hii mliyarudia maneno hayo sokoni na kanisani, mkasema yule mama ana moyo mgumu, hasahau. Asahau nini? Mngemwambia asahau nini, wakati hakuna aliyemwambia hata mahali alipolazwa mume wake?

Tarehe 17 Januari 2023 mama alishikwa na presha kali, akapooza upande wa kuume, na mkono ule uliochora mishale ukabaki umelala juu ya paja, lakini hakuacha kazi, akawa ananitajia mimi niandike, "C kubwa, shuka, sita, panda, H kubwa, shuka, kumi na mbili," na nikikosea alikuwa anagonga kiti kwa mkono wa kushoto. Mwezi wa tano mwaka huu presha ilirudi, tukampeleka hospitalini, na Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, saa tatu asubuhi, alituacha, akiwa na miaka sitini na miwili, watoto watatu na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hata pale umeme ulipokatika, majirani wa Mikelenge waliopika na kuteka maji siku zote hizi, ndugu wa Kibombo waliokuja kwa pikipiki kwenye njia mbovu, Mzee Soudi na Mama Mamy ambao hawakubadilisha ushahidi wao hata walipoombwa, na wanafunzi wote ambao kazi zao zimesimama kwa mikono yake.

Taji la maua lililoletwa asubuhi, lenye utepe ulioandikwa "Kwa mwenzetu mpendwa katika sayansi," tumeliweka nje ya uzio, na aliyelileta atalikuta hapohapo. Ratiba ya mazishi inaonyesha kwamba baada yangu yeye ndiye atakayetoa hotuba kwa niaba ya walimu, wazee wameomba apewe nafasi, na mimi sitamzuia, kwa sababu yuko hapa, amekaa mstari wa pili, na amenisikia. Hotuba hatuitaki. Tunataka sentensi moja, kwamba karatasi zile zilikuwa zako na ulizijua, uiseme kwa sauti watoto wa Florentin wasikie, halafu ukae, na kama huwezi kuisema, usisimame.

Ninaiweka mikro, hii ninayosemea, juu ya kiti hiki.

Mama, pumzika kwa amani uliyoifanyia kazi. Na wewe baba, popote walipokuweka, pumzika naye.