Kiti Changu kwenye Meza ya Shampeni

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo, marahaba, hata wale ambao hamjanisalimia. Nimeombwa nitoe ushuhuda kwenye hafla hii ya kikundi chetu, lakini siwezi kuanza na "Bwana asifiwe" huku nusu yenu mmeshika glasi. Mungu wangu ananijua, tutaongea naye Jumapili. Leo naongea na nyinyi.

Kwa wageni ambao hamtufahamu: sisi ni kikundi cha waonjaji. Wengine tunatoka hapa Kibaha, wengine Kisarawe. Tunakutana mara moja kwa mwezi, tunachanga, tunanunua mvinyo wenye povu, na tukibahatika tunapata shampeni yenyewe, ile ya Ufaransa. Majirani wanasema huo ni ulevi uliovaa tai. Waache waseme. Mlevi gani anakaa na glasi moja mchana kutwa akibishana kama inanukia andazi la asubuhi au andazi la jana?

Utaratibu wetu uko hivi. Chupa inaviringishiwa kanga ili mtu asisome jina, na anayejua kilichomo ni mmiminaji peke yake. Tunanusa, tunaonja, tunanyamaza, halafu kila mmoja kwa zamu anasema alichokutana nacho. Unaruhusiwa kutaja kitu ulichowahi kukinusa mwenyewe tu. Ukituletea tunda la Ulaya ambalo hujawahi hata kulishika, unazomewa. Na mmiminaji ana haki ya kutuchokoza: anaweza kutumiminia mvinyo uleule mara mbili, kwa kanga tofauti, aone nani atanasa. Huo tunauita mtego.

Basi mimi, ndugu zangu, nilikuwa na pua. Siku moja nilisema shampeni iliyokuwa mezani inanukia korosho zinazobanguliwa mbali, upepo ukiwa unavuma kuja upande wako. Meza nzima ikarudi kwenye glasi kunusa upya. Nafundisha sekondari hapahapa Kibaha, siku nzima nasahihisha na kukemea, lakini Jumamosi yetu ya mwezi nilikuwa mtu mwingine. Watu wazima walikuwa wananisikiliza bila kutishiwa fimbo, na nilipenda sana.

Halafu nikaugua. Homa, mafua, kifua, vyote kwa pamoja. Nilipopata nafuu nikashukuru, nikainjika maharage, nikakaa sebuleni na madaftari ya wanafunzi. Kilichonishtua ni jirani yangu kuingia na ndoo ya maji bila hata hodi. Jikoni moshi umejaa, sufuria imekuwa mkaa, nje watu wanakohoa, na mimi nimekaa chumba cha pili sisikii harufu yoyote.

Nilikimbilia karafuu. Hakuna kitu. Nikafungua marashi, mafuta ya taa, vitunguu, hakuna. Nikamshika mwanangu wa mwisho, nikamnusa utosini kama nilivyokuwa nikimnusa tangu azaliwe. Hakuna. Hapo ndugu zangu nililia, na mtoto naye akalia bila kujua tunalilia nini.

Daktari hakunidanganya. Alisema mishipa ya fahamu inayobeba harufu imeumia, inaweza kurudi, inaweza isirudi, na kwamba ninuse vitu vichache kila asubuhi ili kuikumbusha kazi yake. Nikaweka vikopo dirishani: karafuu, ganda la limao, kahawa. Nikawa nanusa kila siku kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Baada ya muda mrefu kahawa ikanijibu, ikanijibu kwa harufu ya tairi linaloungua. Nikasema kama kupona kwenyewe ndiko huku, basi afadhali ningeachwa na ugonjwa wangu.

Kwenye kikundi niliwaambia ukweli siku ya kwanza niliyorudi. Walinionea huruma, na huruma yenyewe ndiyo iliyotaka kunimaliza. Nikiinua glasi, huyu wa kushoto ananong'ona, "Mwalimu, hii ina limao." Wa kulia ananipapasa bega kana kwamba tuko msibani. Zamu yangu ikifika, mazungumzo yanaruka taratibu yanaangukia kwa mwingine. Nawaambieni, kurukwa kwa upole kunauma kuliko kufukuzwa, maana anayekufukuza unaweza kumjibu.

Mwenyekiti wetu wa wakati ule ni mzee ninayemheshimu, mstaafu, mtu wa maneno machache. Siwezi kumtaja jina, ila yupo hapa na anajifanya anatafuta miwani. Aliniita pembeni akaniambia kikundi kimefikiria, na kimeona nafaa kuwa mlezi. Niwe napokea wageni, nasimamia chakula, nahakikisha glasi ni safi. Kiti changu mezani wangempa mwanachama mpya aliyekuwa anasubiri nafasi. Alisema yote hayo kwa adabu, na najua hakulala vizuri kabla ya kuyasema.

Nikamwambia, "Mwenyekiti, mimi nilijiunga kuonja. Chakula napika kwangu."

Akasema, "Mwalimu, utaonja vipi bila pua?"

Swali lilikuwa la haki. Ila nina ubishi, huo niliurithi kwa mama yangu. Nikamwomba mkutano mmoja tu. Mwezi uliofuata tulikuwa tunakwenda Masaki ya Kisarawe, kwa mwenzetu mmoja mwenye shamba la mikorosho. Nikasema nitakaa mezani, zamu yangu isirukwe, na nikisema upuuzi nitakabidhi kiti mwenyewe. Akakubali. Tukapeana mkono, na mimi nikaenda nyumbani na hasira na woga, sijui kipi kilizidi.

Sasa mume wangu hanywi kabisa, yeye ni mtu wa chai. Lakini ndiye aliyenifunga kitambaa machoni kila jioni, ananiwekea mbele vikombe: maji ya limao, mtindi, chai ya rangi iliyokaa sana, soda iliyofunguliwa sasa hivi na soda iliyofunguliwa mchana. Alikuwa anauliza kama polisi. Uchachu umegusa wapi? Umekaa muda gani? Mapovu yanachoma au yanatekenya? Niligundua ulimi wangu ulikuwa umejikalia tu miaka yote, pua inafanya kazi na kusifiwa peke yake. Nikajua tofauti ya ukakasi wa chai na ukakasi wa bibo bichi, tunda la mkorosho. Nikajua hata kusikiliza, maana povu dogo na povu kubwa hayalii sawa ukisogeza sikio.

Siku ikafika. Chupa zilikuwa zimetangulia jana yake ili zitulie, kwa sababu bodaboda na shampeni haviivani. Tukakaa barazani. Glasi ya kwanza ikaja. Wenzangu wakasema mkate uliotoka jikoni, ganda la limao, tufaha bichi. Zamu yangu nikasema sijui inanukiaje, ila uchachu wake unashika pembeni mwa ulimi hauachii, povu ni dogo na halina haraka, na mwisho kuna chumvi kidogo. Wakatikisa vichwa, wakaniacha. Ya pili nikasema ni tamu kuliko inavyojionyesha na povu lake ni la soda. Nikaona mtu mmoja anamtazama Mwenyekiti.

Kabla ya glasi ya tatu mvua ikashuka, ile ya upepo inayoingia mpaka barazani. Tukabeba glasi na viti, tukahamia sebuleni. Mmiminaji wetu, dada mmoja fundi cherehani wa pale Kisarawe mjini, akaingia na chupa katika kanga nyekundu.

Hapo meza ikaamka. Wa kwanza kuongea akasema mti mkavu wa zamani. Wa pili akasema viungo, halafu moshi wa mbali. Mwingine akasema hii imekaa sana kwenye mapipa, hii ni ya watu wenye fedha zao. Mwenyekiti mwenyewe alifumba macho akasema, "Hii ndiyo kubwa ya leo," na akiongea hivyo Mwenyekiti huwa hapingwi.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Nikaonja. Uchachu ukashika pembeni mwa ulimi. Nikaonja tena. Povu dogo, lisilo na haraka. Na pale mwisho, ndugu zangu, ile chumvi.

Nawaambieni kweli, nilitaka kukubaliana nao. Ilikuwa rahisi kusema "mti mkavu" nikabaki na kiti changu. Nani angejua? Meza nzima imesema moja, na mimi ndiye nisiyesikia hata maharage yakiungua. Lakini nilikuwa nimeomba siku hii nionje, sikuomba niige.

Nikasema, "Hii ni ile ya kwanza."

Mmoja akacheka, si kwa ubaya. Mwenyekiti akaweka glasi yake chini polepole. "Mwalimu, hii haifanani na ya kwanza hata kidogo. Harufu yake inaongea yenyewe."

"Mimi haijaniongelesha, Mwenyekiti. Mwambie dada afungue kanga."

Dada akafungua. Akaenda barazani kuchukua ile ya kwanza, akaifungua nayo, akaziweka pamoja mezani. Pacha. Alikuwa ametutegea, na wote walikuwa wamenasa isipokuwa mtu asiye na pua.

Watu wakanusa tena, wakatazamana, hawaelewi. Ndipo mama mwenye nyumba, mke wa yule mwenzetu, akatokea kwenye pazia la ndani kutusalimia, mama mzuri mwenye heshima zake, ameshika chetezo. Akatuomba radhi kwa kuchelewa. Alipoona wingu limefunga alijua tutaingia ndani, na sebule ilikuwa na uvundo wa masika, kwa hiyo ametufukizia udi kidogo kwenye mapazia na mito, wageni tusikae katika harufu mbaya.

Udi! Mti mkavu wa zamani, viungo, moshi wa mbali, vyote vilikuwa kwenye mito tuliyoegemea. Na hakuna aliyeushtukia, kwa sababu sisi huku Pwani udi hatuuhesabu kama harufu, tunauona ni hewa ya nyumba yenye heshima. Wote walicheka mpaka mvua haikusikika. Mimi sikucheka, nililia kwa furaha mbele ya watu wazima, na sijutii. Mwenyekiti alisimama akazunguka meza nzima kuja kunipa mkono. Habari ya mlezi haikutajwa tena, na yule mwanachama mpya tulimwongezea kiti chake.

Basi nawashukuru. Namshukuru dada wa mtego, ambaye baadaye aliniambia aliuweka siku ile makusudi, kwa sababu alichoka kuona narukwa. Mume wangu na vikombe vyake. Watoto wetu, waliodhani tumechanganyikiwa. Jirani yangu na ndoo, hakuniacha hata siku moja. Mama wa Masaki, ambaye mpaka leo anaona aibu bure, wakati udi wake ndio ulionitetea. Na wewe mzee unayetafuta miwani, asante kwa kunipa siku moja, maana wengine hawapewi hata hiyo.

Pua yangu haijarudi yote. Limao nalisikia, karafuu nusu, kahawa bado ni tairi. Wako watu hapa leo waliopungukiwa na kitu: mguu, kazi, mwenza, macho. Kuna watu wema watakaokuja kukuonyesha mahali pengine pa kukaa, pazuri tu, pembeni kidogo. Waambie asante, halafu usinyanyuke. Kaa hapohapo utafute ulichobaki nacho, ukitumie mpaka kiote sugu.

Harufu zikirudi zote, nitazipokea. Zisiporudi, Jumamosi yetu ya mwezi mtanikuta mezani. Na kama kuna mgeni aliyeniona muda mfupi uliopita nikiinua glasi akajiuliza mwalimu huyu anajua nini, tafadhali avute kiti akae mbele yangu, tumiminiwe sawa, na aanze yeye kusema.