Marehemu Placide Anakunywa Kahawa

Benchi la Mama Mado, muuza kahawa, liko Kasongo, mbele ya depo la pamba ambalo halijaona pamba kwa miaka mingi. Lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, na kila mtu ana mahali pake. Kuna Glody, aitwaye Antene, kwa kuwa habari zote humpitia yeye kwanza. Kuna Alimasi, aitwaye Metre kama mawakili, aliyefagia tribunali miaka kumi na tisa akatoka na sheria zote kichwani. Kuna Clovis Ngoma, aliyepiga ngoma kubwa katika Musokoi Jazz, okestra ya zamani ya mji huu. Upande wa matofali hukaa Placide, aliyepiga klarineti. Asubuhi hiyo redio ilikuwa imetangaza tamasha la Jumamosi katika ukumbi wa parokia: vijana kutoka Bukavu watapiga miziki ya zamani ya klarineti na saksofoni, kwa heshima ya wapigaji wa Kasongo waliokwisha kufa. Yakasomwa majina sita. La nne lilikuwa la Placide, naye alikuwa na kikombe mkononi.

— Mulisikia? Antene akauliza, kana kwamba redio haikuwa pale pale dirishani kwa Mama Mado. Placide, banakuheshimu!

— Banaheshimu mufu, Placide akasema. Miye niko muzima.

— Kwa liste ya redio hauko muzima, Metre akamsahihisha.

— Na hiyo liste ilitoka wapi?

— Ku makaburi, Antene akasema. Vijana ba komite balipita kule na kaye na biki, banaandika majina ya kwa misalaba. Nilibaona na macho yangu.

— Na haukubaambia kama miye niko?

— Balikuwa na haraka.

Hakuna aliyeuliza ni msalaba gani. Mwaka ule wa vita Placide alikimbilia Kabambare, na kutoka huko akaingia machimbo ya dhahabu ya Salamabila. Wachuuzi waendao kwa baiskeli wakaleta habari kwamba shimo limemfunika. Matanga yakawekwa siku tatu. Kwa kuwa hapakuwa na maiti, Clovis alichukua klarineti aliyoiacha rafiki yake, akaifunga ndani ya shati lake mwenyewe la misa, ikawekwa sandukuni, ikazikwa, na msalaba wenye jina ukasimamishwa. Baada ya miaka mitatu marehemu akarudi kwa miguu, mifupa mitupu, akiomba ugali. Walimkumbatia, wakalia, wakacheza mpaka asubuhi. Klarineti hawakuitoa. Kaburi likishafungwa halifunguliwi, wazee walisema, na Placide akanyamaza, maana wakati ule kuwa hai kulimtosha. Kulimtosha miaka ishirini na zaidi. Leo hakukumtosha tena.

— Siku ya posho, hiyo Jumamosi yabo, ni kesho kutwa, akasema. Tuende tuitoshe klarineti yangu mu kaburi. Batu bane, majembe mbili. Miye nataka kupiga pale mbele ya batu. Clovis, weye njo uliizika, weye njo utaitosha.

— Itakuwa ilishaoza, Clovis akasema upesi. Muchwa ya hapa unaijua.

— Ile ni mpingo. Muchwa haikuli mpingo.

— Na vyuma vyake? Kutu!

— Kutu inafutwaka.

Metre akainua kidole.

— Bon, tuache kutu. Kuko sheria. Kaburi ni ya ule mwenye kulala ndani. Kufungua, unapashwa kupata ruhusa ya mwenyewe.

— Mwenyewe ni miye. Nimetoa ruhusa.

— Weye uko inje. Mwenyewe iko ndani.

— Ndani iko klarineti!

— Basi klarineti njo inapashwa kukubali.

— Na itakataa, Antene akadakia. Miye nilishaisikia. Mvua ikinyesha sana, ukipita pale, inapiga. Polepole, chini ya udongo. Hata muke ya katekista alisikia.

— Inapiga nini? Placide akauliza.

— Ule wimbo yenu ya kufungia danse.

— Bila mutu ya kupuliza?

— Mutu iko. Tena fundi.

— Nani?

Antene akashusha sauti.

— Placide.

Mama Mado akasimamisha birika hewani.

— Placide si huyu hapa? Anakunywa kikombe ya pili.

— Nani alihakikisha, mama? Metre akauliza. Placide alienda Salamabila na meno yote. Ule mwenye kurudia alikosa mbili. Placide alikuwa hapendi ndizi. Ule mwenye kurudia alimaliza mukungu muzima.

— Nilikuwa na njaa!

— Kila mutu angesema vile.

Placide akaachana nao, akamgeukia Clovis peke yake.

— Clovis. Tulipiga pamoja miaka kumi na moja. Tulikuwa tunafika mpaka Nyangwe kukata matete. Weye unashika mutumbwi, miye nakata. Halafu nakwangua na kipande ya chupa, mpaka tete inakuwa ulimi ya kuweka mu klarineti. Nani mwingine anajua hiyo?

Clovis alikuwa anafuta ukingo wa kikombe kwa kidole gumba.

— Sisemi kama hauko Placide, akasema. Lakini Placide ya kweli angeshapuliza. Miaka yote hii, hata filimbi haujapuliza.

— Klarineti yangu uliizika!

— Ni vile nasema.

Placide akacheka, na kicheko kikamwacha na uchungu zaidi. Sasa alielewa. Clovis hakuogopa kaburi wala mizimu. Mtu yeyote aliyeuliza habari za Musokoi Jazz alipelekwa kwa Clovis, na Clovis alimsimulia jinsi alivyomzika rafiki yake kwa kuzika klarineti, na watu walitoa machozi. Klarineti ikitoka ardhini, Clovis anabaki mpiga ngoma mzee asiye na ngoma. Kwa hadithi hiyo alikuwa tayari kumwacha mwenziwe afe.

Pikipiki ikasimama. Akashuka msichana mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, kisanduku chembamba cheusi mgongoni.

— Jambo ba papa. Miye Sarah-Grâce. Natoka Bukavu na okestra, miye njo napiga klarineti. Baliniambia barafiki ya marehemu Placide banaikalaka ku benchi hii.

— Ni siye, Antene akasema, na wote watatu wakanyoosha migongo.

Placide alikata shauri moyoni kwamba hatajitaja. Mmoja wao amtaje.

— Siku ya posho tutasema maneno kidogo juu ya kila marehemu, msichana akaendelea. Juu yake hatuna kitu. Alikufa na nini?

Antene akamtazama Metre. Metre akamtazama Clovis. Clovis akainamia kikombe chake, akakikuta kitupu, akakinyoosha kwa Mama Mado.

— Imeisha, Mama Mado akasema, ingawa birika ilikuwa bado inafuka moshi.

Placide akangoja. Alitaka maneno mawili tu, *huyu hapa*, kutoka mdomo wowote kati ya mitatu ile, na angesamehe yote. Msichana naye alingoja, biki mkononi.

Placide akainuka, akaenda nyuma ya kibanda, akarudi na jembe la Mama Mado.

— Kuya, mwanangu. Kaburi yake miye naijua.

— Na jembe, papa?

— Mu kisanduku yako kuko ulimi ingine, ya kubakia?

— Kuko tatu.

— Moja itatosha.

Wakashika njia ya makaburini, mzee mbele. Mama Mado akaanza kukusanya vikombe, na cha Clovis akakichukua kwanza.