Mgomba wa Fabien Zihindula, Aliyetafuta Mikondo Inakotoka

Mbele ya Mungu, na mbele yenu mliopanda mpaka hapa Mudaka katika matope haya leo, tarehe 18 Mei 2024, familia inawasomea maisha ya Fabien Zihindula.

Marehemu alizaliwa hapa Mudaka tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa pili wa hayati papa Stanislas na maman Euphrasie. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari Bukavu, kisha chuo kikuu Kinshasa. Alikuwa na udadisi wa kuchosha. Siku moja alitumwa maji akapotea mpaka jioni, kumbe alikuwa anapanda na kijito akitafuta kinapoanzia. Mama alimpokea kwa fimbo, maana maharage yalikuwa bado hayajainjikwa.

Mwaka 2009 alipata kazi Muanda, kupima mikondo ya Atlantiki kwenye ukingo wa bara uliofunikwa na bahari, kabla ya kilindi. Juu hupita maji ya mto Kongo. Chini yake kuna maji baridi ya chumvi, na kazi yake ilikuwa kujua yametoka wapi.

"Maji iko kama mutu," alimwambia mama kwenye simu. "Ukipima chumvi na baridi yake, utajua kwao."

"Na wewe, kwenu utarudia lini?" mama akamjibu.

Tarehe 7 Julai 2012 alifunga ndoa kanisani Bukavu na Delphine Nabintu, wakajaliwa Sagesse na Isidore. Alikuwa baba wa likizo, tusifiche, lakini likizo zake watoto walizihesabia vidole.

Marehemu hakuugua. Tarehe 21 Novemba 2023 mashua yao ilipinduka walipokuwa wakiopoa chombo cha kupimia. Wenzake waliokolewa. Yeye alitafutwa kwa kufuata mikondo ile ile aliyoichora mwenyewe, na hakuonekana. Hilo linatuuma, na hatuna maneno ya kulipoza.

Wazee wa ukoo waliamua tuzike mgomba mahali pa mwili, kama walivyomfanyia babu yake aliyepotelea ziwani. Maman Euphrasie alikataa katakata. Kuzika mgomba ni kumfungia mtu mlango, na yeye usiku hakutia tena komeo.

"Munasema anajuaka kila maji inatokeaka wapi," alitwambia. "Basi mumungoje. Atajua ya kumurudisha."

Tukangoja. Nani angethubutu kumbishia? Mpaka mwezi huu Delphine alipopanda pikipiki kutoka Bukavu, akampigia magoti.

"Maman, uniache nimulilie bwana yangu. Watu wananiuliza kama niko mujane, na mi sijue ya kujibu."

Mama alimwinua. Kisha akauliza panga liko wapi.

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto wawili, na dada yake mkubwa Noëlla anayewasomea maneno haya.

Mgomba ulio ndani ya jeneza hili mama aliuchagua mwenyewe leo asubuhi. Vijana walimkatia wa kwanza, akaukataa. Wakamkatia mwingine, akaukataa pia.

"Hapana," alisema. "Fabien alikuwaka murefu."

Bwana ampe pumziko, huko maji yalikomlaza.