Marehemu Marlys Hautala Breck na Kijana wa Jengo la Kaskazini

Kwa ninyi mliokuja kumsindikiza, na kwa wale ambao mvua ya leo imewazuia njiani: marehemu Marlys Sylvia Breck, binti wa Hautala, alizaliwa tarehe 14 Februari 1951 hapa Corwin, Kaunti ya Nasket, jimbo la Washington, katika nyumba ya mbao iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha kupasua magogo. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Eino Hautala, mkata miti, na mama Sylvia. Mimi Reino, ninayewasomea haya, nilimfuata miaka minne baadaye na, kwa maneno yake mwenyewe, nikamvurugia maisha. Marlys ndiye aliyenifundisha kusoma, kuogelea na kuomba radhi. Hilo la mwisho alinifundisha kwa kunikalia kifuani mpaka niseme.

Marehemu alianza shule ya msingi ya Corwin mwaka 1957 na kumaliza sekondari Juni 1969, akiwa wa tatu darasani. Alikwenda chuo cha ualimu kwa mwaka mmoja. Mwaka 1970 gogo lilimvunja baba mguu, na Marlys akarudi nyumbani kusaidia. Alisema maisha yake yote kwamba hakujutia kuacha chuo. Sikumwamini hata siku moja, na sasa naweza kulisema hilo bila yeye kunijibu.

Kuanzia Septemba 1972 hadi Juni 2006 aliendesha basi la shule, njia ya Mto Juu. Kila jioni, kabla ya kulifunga basi, alitembea hadi kiti cha mwisho na kuchungulia chini ya kila kiti. Wenzake walimcheka. Novemba 1988 alimkuta mtoto wa darasa la kwanza amelala chini ya rundo la makoti, hajui kama dunia ipo. Alimpeleka hadi mlangoni kwao na kumwambia mama yake, "Mama, huyu wako, au nimrudishe?" Mama huyo yupo nasi hapa kanisani na ameniruhusu nilisimulie hili, mradi nisimtaje.

Tarehe 9 Juni 1973 alifunga ndoa na Gordon Breck, mnoa misumeno wa kiwandani, katika kanisa hili hili. Walifahamiana baada ya Gordon kutumbukiza gari lake mtaroni na Marlys kulivuta kwa mnyororo akitumia basi la shule, watoto thelathini wakishangilia madirishani. Mkuu wa shule alimwandikia barua ya onyo. Gordon aliitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni, na ipo mpaka leo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kristine na Alan. Gordon alitangulia tarehe 3 Oktoba 2009, na kwa mwaka mzima dada yangu aliendelea kupika kahawa ya watu wawili.

Novemba 2010 wananchi wa wilaya ya pili walimchagua kuwa kamishna wa kaunti. Miaka minne baadaye watu wa wilaya ya tatu walinichagua mimi, na hapo ndipo matatizo yetu ya chakula cha Jumapili yalipoanza. Makamishna wetu ni watatu tu. Wawili wakikaa pamoja na kugusa kazi ya kaunti, hicho tayari ni kikao, na kikao lazima kitangazwe na mlango uwe wazi kwa umma. Kwa hiyo mimi na dada yangu tulizungumzia viazi, magoti yetu na wajukuu. Mmoja wetu akitaja tu barabara yenye mashimo, Kristine aligonga meza kwa mwiko na kusema, "Haya, mkutano umeahirishwa." Tulicheka sana. Niliishika sheria hiyo kuliko mtu yeyote, nikajiona mwadilifu.

Mkataba wa kaunti na serikali kuu, wa kuwaweka vijana wahamiaji katika Jengo la Kaskazini la mahabusu yetu ya watoto, ulianza mwaka 2013. Marehemu aliupigia kura ya ndiyo. Mwaka 2015 na 2017 tuliuongeza, sote wawili tukiafiki. Vitanda vilikuwa vitupu, na watu kumi na wanne wa hapa walipata kazi. Oktoba iliyopita paa la jengo hilo lilivuja, na Marlys, kwa kuwa alikuwa Marlys, akaenda kulitazama mwenyewe. Ndani alimkuta kijana wa Honduras, wa miaka kumi na sita, akikinga maji ya paa kwa ndoo. Alikuwa amekaa humo miezi saba, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa kosa lolote. Alikuwa akisubiri karatasi za kumruhusu akaishi kwa shangazi yake aliyeko Oregon. Dada yangu aliomba kibali, na tangu hapo kila Alhamisi alikwenda kucheza naye drafti.

Wengi wenu mlikuwepo kwenye kikao cha tarehe 12 Februari mwaka huu, aliposimama kuomba mkataba usiongezwe tena.

"Mwaka 2013 nilisema ndiyo," alisema. "Nilikosea. Naomba iandikwe hivyo hivyo, nilikosea, wasije wakaipamba."

Mimi nikauliza kuhusu wale wafanyakazi kumi na wanne. Nikasema vijana wale wanalala pakavu na wanakula mara tatu kwa siku.

"Kamishna Hautala, umewahi kuingia mle?"

"Nimesoma ripoti zote, Kamishna Breck."

"Sikukuuliza umesoma nini. Hata kusoma nilikufundisha mimi."

Ukumbi ulicheka, nami nikacheka nao, lakini moyoni nilikasirika. Nilimwambia mbele ya watu kwamba kaunti haiendeshwi kwa huruma za bibi mmoja. Akakaa. Kamishna mwenzetu, Bwana Delbert Ostrander, akaomba tupewe muda wa kutafakari, na kura ikapangwa kufanyika Jumanne ya tarehe 23 Aprili.

Marehemu alikuwa amegunduliwa kuwa na saratani ya kongosho tangu Desemba. Alikataa kujiuzulu, akisema atapiga kura hiyo hata akibebwa pamoja na kitanda chake. Aliendelea na Alhamisi zake hadi mwisho wa Machi, akiendeshwa na Kristine, na alipoulizwa hali yake alijibu, "Mzima, ila nakufa." Tarehe 2 Aprili alilazwa.

Jumatatu ya tarehe 8 alinipigia simu niende. Nilifika saa tano asubuhi. Alikuwa amepungua hata pete ya ndoa ilikuwa imefungwa kwa uzi ili isidondoke. Alinishika mkono na kusema, "Reino, kuhusu yule kijana wangu."

Nikainua kiganja. Namwomba Mungu anisamehe kwa kiganja hicho. Nikasema, "Dada, sheria. Kura bado."

Akataka kusema tena, kikohozi kikamshika, muuguzi akaja na hewa ya kupumulia. Alipotulia aliniambia, "Basi, tuzungumzie viazi." Tukazungumzia viazi, nikambusu kwenye paji la uso, nikaenda zangu. Marehemu aliaga dunia Alhamisi, tarehe 11 Aprili 2019, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na binti yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane.

Siku iliyofuata karani wa kaunti alinipa bahasha. Ndani ilikuwa barua ya Marlys ya kujiuzulu ukamishna. Ilisainiwa Jumatatu ya tarehe 8, saa tatu asubuhi, na karani aliipokea palepale kando ya kitanda. Dada yangu aliiacha kura aliyoing'ang'ania kwa miezi yote ile ili aweze kuzungumza na mdogo wake. Nilipoingia chumbani mwake saa tano hakuwa kamishna tena. Sheria niliyomfungia mdomo haikumhusu.

Nilimwendea Kristine nikilia, nikamuuliza mama yake alitaka nipige kura gani.

"Hakutaka kura yako, mjomba," alisema. "Alitaka uende ukamwone yule kijana. Hilo tu. Alisema, 'Reino ana kichwa kigumu lakini ana macho.'"

Nilikwenda jana. Nimesaini mkataba ule mara mbili, na jana ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka mlango wa Jengo la Kaskazini. Ni kijana mwembamba, na ana ndevu tatu anazojivunia. Mlinzi mmoja ajuaye Kihispania alitutafsiria. Drafti ilikuwa bado mezani; aliipanga Alhamisi zote mbili za Aprili, na hakuna mtu aliyemwambia kwa nini mgeni wake hakuja. Nikamwambia. Akauliza alikufa akiwa na nani. Nikasema alikuwa na binti yake, amemshika mkono.

"Afadhali," alisema. "Nilikuwa naogopa alikuwa peke yake, kama sisi."

Baadaye aliniuliza mimi ni nani katika kaunti hii. Nilimwambia ukweli, kwamba saini yangu ndiyo inayomweka pale. Hakunitukana. Alisogeza kete zake, akaniambia nianze.

Marehemu ameacha watoto wawili, Kristine Oyler na Alan Breck. Mkwe mmoja, Martin. Wajukuu watatu, Hanna, Joel na Britta. Mdogo wake, Reino. Na kijana mmoja wa Jengo la Kaskazini, ambaye sheria hainiruhusu kumtaja jina.

Bwana Ostrander amekaa safu ya tatu. Sheria inanikataza kuzungumza naye kuhusu kura kabla ya kikao kufunguliwa, na kikao ni Jumanne, saa nne asubuhi. Delbert, unaweza kuziba masikio. Nitapiga kura mkataba usiongezwe, na wale kumi na wanne nitawatazama usoni na kuwaeleza kwa nini.

Pumzika kwa amani, Marlys. Nimemwona.