Chungu Waliofuata Utamu

Assalamu alaykum, wenzangu. Bi mwenye nyumba ameniomba niseme kabla sinia la halua halijapita. Vyema, maana hiyo halua ndiyo nitakayoisema. Msicheke.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa Kipungani, msuka mikeka, nikaolewa hapa Langoni na kubaki mjane. Mwaka ule mwiba wa mkindu ulinichoma unyayoni. Mwiba ukatoka, kidonda kikakataa kufunga. Kiu ikanishika, chooni sitoki, nikakonda hata bangili zikawa zinanivuka mkono. Kidonda kilipoanza kunuka, mtaa ukanong'ona: ukoma.

Ndugu zangu, nawaambia, upweke una sauti. Wangu ulikuwa sauti ya sahani kuwekwa juu ya daka, pale nje ya mlango, kisha viatu vya mti vikienda zake mbio. Hamkuniacha na njaa, la. Halua, tende, maandazi ya asali: mgonjwa hulishwa vitamu apate nguvu, ndivyo tulivyolelewa. Nami nilikula yote. Nilikula kwa kuwa mkono wa mtu ulikuwa umeigusa sahani ile. Nilikuwa nikitafuna huku nalia.

Akaja wifi yangu kutoka Kizingitini, dada wa marehemu. Huyo hakungoja kukaribishwa. Akaenda kuosha choo, mara nikasikia ananiita nije mbio.

"Wifi, ndoo uone!"

Chungu, wale wadudu weusi wadogo, walikuwa wamepanga mstari mpaka pale nilipokojoa.

"Mai yako ya mkojo ni matamu," akasema. "Babangu alikuwa hivi hivi. Huna ukoma wewe. Mwili wako umelewa utamu, na mlinzi mlevi hamzuii mwizi. Ukiendelea kula hivi, guu litakwenda, nawe utalifuata."

Wallahi, guu sikuliogopa. Niliogopa kuikataa halua, kwa maana nikiikataa, nani tena atafika mlangoni kwangu? Nikamwambia hivyo hivyo. Alitoka akaketi juu ya daka, na jirani alipokuja na sahani, akamshika mkono.

"Halua irudishe. Wewe ngia."

Akaingia. Akaketi kitandani pangu, akakitazama kidonda bila kuziba pua. Siku ya pili akaja na mwenzake.

Nikawa nala samaki wa kuchoma, mchicha na maziwa mala, na kidonda tukikiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Kikaanza kufunga kutoka pembeni, polepole mno, nikakata tamaa zaidi ya mara moja. Ugonjwa wenyewe haujanitoka. Nikijisahau kidogo, chungu hurudi kunikumbusha.

Alhamdulillahi. Namshukuru wifi yangu, nawashukuru nyinyi mlioingia. Mkienda kwa mgonjwa, msiweke sahani mkakimbia; ingieni, mkae naye, mwone anakula nini. Haya, sinia lipite sasa. Mimi nipeni kahawa chungu, na mtu wa kunywa naye.