Bolti Nane za Mzee Elam Sifuna, Mwanzilishi wa Chama cha Wachoraji wa Vyuma wa Kitale na Bungoma

Mzee Elam Sifuna Makokha alizaliwa tarehe 3 Novemba 1961 hapa hapa Bokoli, hatua chache kutoka mahali kaburi lake lilipochimbwa. Alikuwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Makokha na marehemu Mama Phelista, ambaye binti anayesoma wasifu huu alirithi jina lake na, wengine husema, ulimi wake pia. Mchungaji ametuambia asubuhi hii kwamba marehemu alikuwa mwepesi wa kusamehe. Familia inamshukuru sana mchungaji, ila hapo alimchanganya na mtu mwingine.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1968. Agosti 1976 alitahiriwa pamoja na Nyongesa wa boma la pili. Kwa watu wetu, waliotahiriwa msimu mmoja ni zaidi ya ndugu. Hula pamoja, hutaniana hata matangani, na mmoja hamruki wala kumkana mwenzake. Wageni wetu kutoka Kitale, tafadhali shikeni hilo, tutalirudia. Alimaliza kidato cha nne mjini Bungoma mwaka 1980, kisha akajiunga na chuo cha ufundi Nairobi, alikosomea uchoraji wa majengo hadi 1983.

Kazi yake wengi hawajaielewa hadi leo. Injinia akishasema jengo libebe uzito gani, mtu fulani lazima akae achore kila kipande cha chuma: urefu wake, kila tundu la bolti, kila mahali pa kuchomelea, ili fundi wa karakana akate bila kubahatisha. Huyo ndiye mchoraji wa vyuma. Mzee Sifuna alianza kazi hiyo Bungoma mwaka 1984 na kuhamia Kitale 1987. Ghala nyingi za mahindi mnazoziona mkiingia Kitale zilisimama kwanza kwenye meza yake.

Tarehe 2 Desemba 1989 alimwoa Wacuka, binti wa Mzee Ngari na Mama Gladwell, wakulima wa karibu na Matisi. Siku hiyo mchungaji alimuuliza kama anamkubali Wacuka, naye bwana harusi akawa anatazama paa. Akaulizwa mara ya pili. Akajibu, "Pasta, ninamkubali, lakini tusonge kidogo. Hapa juu kuna bolti imekosa." Harusi nzima ikasogea. Mama Gladwell alicheka hadi akafuta machozi na kitambaa cha kichwa, akasema amepata mkwe ambaye hatamwangushia mtoto kitu kichwani. Walimpenda huyu mkwe. Tunaomba mjue hivyo kabla hatujaendelea.

Mwaka 2006 Nyongesa, aliyekuwa sasa mkandarasi, alipewa kujenga ghala nje kidogo ya Kitale. Alimwomba mwenzake wa jando amchoree. Mzee Sifuna alichora kila kiungo cha paa kiwe na bolti nane, tena akamtafutia shemeji yake Muigai, mdogo wa Wacuka, kazi ya kuchomelea hapo. Mahindi yalikuwa yanakauka shambani na mwenye ghala alikuwa na haraka. Nyongesa akaenda karakana, akaamuru matundu yatobolewe manne. Tarehe 19 Septemba paa liliachia Muigai akiwa juu yake. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Matangani kwa Muigai, Nyongesa alisimama mbele ya Mama Gladwell, kofia mkononi, akasema, "Mimi ni wa kujenga tu, jameni. Nimefuata mchoro ya Sifuna vile ilikuwa. Muulizeni yeye." Mzee Sifuna aliinuka ajibu. Aliambiwa akae. Wakati huo mchoro wa vyuma haukuwa na jina la aliyeuchora, na nakala ya karakana haikuonekana tena, kwa hiyo ilibaki neno lake dhidi ya neno la mwenzake. Mama Gladwell alitamka mara moja tu: "Mkono imechora kifo ya mtoto yangu haitanipea chai." Hakukanyaga kwa mkwe wake tena. Leo ndiyo mara ya kwanza. Cucu, nyanya yetu, karibu nyumbani kwetu.

Siku iliyofuata Mzee Sifuna alirudi kwenye vifusi, akachimbua bamba moja la kiungo na kulibeba begani hadi nyumbani. Lina matundu manne. Ndilo mnaloliona juu ya jeneza badala ya maua. Cucu ameuliza mara mbili ni kitu gani kile, na ataambiwa sasa hivi.

Tarehe 14 Machi 2009, katika chumba cha nyuma cha duka la vyuma mjini Kitale, marehemu alianzisha Chama cha Wachoraji wa Vyuma. Katiba yake inasema lengo ni kuinua hadhi ya kazi hii na kuwafunza vijana. Hayo ni maneno ya kumridhisha msajili. Lengo lilikuwa Nyongesa. Chama kiliweka sheria kwamba kila mchoro uwe na jina la mchoraji, na yeyote atakayeubadilisha aandike jina lake kando ya alichobadilisha. Tena, fremu ikishainuliwa, kabla fundi yeyote hajapanda, mchoraji na mkandarasi wasimame chini yake pamoja. Mkandarasi asiyesimama chini ya chuma chake hachorewi tena na mwanachama yeyote. Kila anayejiunga huapa akiwa ameweka mkono juu ya bamba lile.

Nyongesa alialikwa kusimama kwenye jengo lake la Bungoma mwaka huo huo. Akasema ana mafua. Tangu siku hiyo hakuna mkono wa mwanachama uliomchorea hata mguu wa kiti. Akahamia Eldoret kutafuta wachoraji. Mzee Sifuna akapanda gari akafungua tawi Eldoret. Akajaribu Kakamega akakuta chama kimemtangulia. Mashine zake zilioza nyuma ya nyumba, kuku wakataga ndani yake, na marehemu alipopita hapo alikuwa akipunguza mwendo makusudi atazame. Wazee walikuja kumsihi asamehe. Jibu lake lilikuwa moja: "Kwani amesema?" Yaani, je, amesema ukweli mahali aliposema uongo? Hakuwa amesema. Basi wazee wakanywa chai wakaenda. Lakini tusikinyime chama haki yake: hakuna fremu iliyochorwa na mwanachama, ikasimamiwa kwa sheria hizo, iliyowahi kuua mtu. Jepchumba, mwenyekiti wa sasa, anasema kisasi cha Mzee kimelinda watoto wengi wa watu.

Marehemu alianza kuugua figo mwaka 2023, akawa anasafishwa damu katika hospitali moja mjini Eldoret. Hakulalamika, isipokuwa kuhusu boriti za dari ya wodi. Februari mwaka huu Nyongesa alimtembelea na mfuko wa machungwa. Wacuka na binti yake Phelista, anayewasomea haya, walikuwa kando ya kitanda wakasikia kila neno. "Elam, ni mimi nilitoa zile bolti zingine," alisema. "Kazi ilikuwa inachelewa bana. Nisamehe tumalize hii maneno." Mzee Sifuna akamjibu: "Wewe ulisema kwa matanga, mbele ya mama. Huku hospitali ni nani anasikia? Ngoja matanga yangu." Machungwa aliyapa jirani wa kitanda. Wacuka alitaka kukimbia kwa mama yake jioni ile ile, lakini marehemu alimzuia. Alisema neno la mke litaitwa mapenzi, na yeye hakutaka kuokolewa na mapenzi.

Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Mei 2025, akiwa na miaka sitini na mitatu. Neno lake la mwisho kwa Wacuka lilikuwa, "Msisahau kumpea Nyongesa nafasi."

Hatukusahau. Bw. Nyongesa mwenyewe alituma ujumbe akiomba aseme machache kama mwenzake wa jando, na familia ilikubali kwa moyo mkunjufu. Ndiyo maana programu zenye wasifu huu ziligawanywa watu wakiwa wameshakaa, asije akausoma mapema. Iwapo ataona vigumu kubaki, tunasikitika kumjulisha kwamba gari lake limezibwa na lori la chama, na dereva wa lori ni mtu wa kuomba sana, hatatoka ibadani kabla ya baraka. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii imechukua karibu miaka kumi na tisa, na sisi tumeitembea yote.

Mzee Sifuna amemwacha mjane wake, Wacuka; watoto wake Phelista, Ngari na Joy; wajukuu watano; mama mkwe wake, Mama Gladwell, ambaye marehemu hakuacha kumwita mama hata siku moja; na wanachama wote wa chama alichokianzisha. Amemwacha pia Bw. Nyongesa.

Mzee wetu alale salama, kama alalavyo mtu chini ya paa alilolichora mwenyewe. Bw. Nyongesa, simama, karibu mbele. Kipaza sauti ni hiki. Cucu anasikiliza.